Nilivyomripoti Wambura, Dereva Niliyemfundisha Mwenyewe

Safari yangu ya Bunda ilitokana na mjukuu. Binti yangu Tabitha, aliyeolewa Kabasa, alinipigia simu mwanzoni mwa wiki akaniambia mtoto wake atabatizwa Jumapili, na kwamba yeye na mume wake wameamua kumpa jina la marehemu mama yangu. Nikabaki nimesimama uani, simu sikioni, nisijue niseme nini. Tabitha akadhani mtandao umekatika.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Nakuja."

"Basi njoo na furu. Huku wanauzaga dagaa tu."

Furu ni visamaki vidogo vya ziwa letu, na nyumbani kwetu mgeni wa heshima haji bila hivyo. Alhamisi nikaenda Mugango, nilikozaliwa, nikazunguka kwa akina mama wanaoanika samaki hadi nikapata vilivyokauka vizuri. Nikavifunga kwenye mfuko wa sandarusi. Jioni nikarudi Musoma, nikapiga viatu rangi.

Kwa asiyenijua, mimi naitwa Masatu, na ni dereva mstaafu. Miaka thelathini na moja nimebeba pamba kwa lori, kutoka vijijini hadi kiwandani, masika na kiangazi, kwenye barabara za vumbi wakati ule ambapo lami ilikuwa hadithi. Katika miaka yote hiyo sikumgonga mtu. Wengine wana nyumba za ghorofa, wengine wana ng'ombe mia. Mimi nina hilo, na nikilisema huwa nalisema kifua mbele. Mtu asinilaumu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, nilikuwa stendi ya Bweri. Nilikuwa natafuta basi la kunifikisha Bunda mapema nikasikia mtu anaita kwa nguvu, "Mwalimu wangu! Mwalimu wangu!" Katika mkoa wetu jina hilo lina mwenyewe, kwa hiyo sikugeuka. Nikaguswa bega. Alikuwa Wambura, amevaa shati jeupe lililonyooka, ufunguo wa gari kidoleni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wambura! Umenenepa hivi?"

"Ni kukaa tu kwenye usukani, mzee. Twende, unapanda kwangu. Tena unakaa mbele."

Wambura nilimfundisha mimi. Mama yake, Nyangeta, ni mkulima wa pamba wa Butiama ambaye nilikuwa nachukua mzigo wake kila msimu kwenye ghala la ushirika. Alifiwa na mume mapema. Mwaka mmoja akaja na kijana wake mrefu, mwembamba, akaniambia, "Masatu, huyu shule imemshinda. Mfundishe kazi yako." Nikakaa naye misimu miwili. Nilimfundisha gia, nikamfundisha kusikiliza injini, nikamfundisha kushuka mlima bila kuunguza breki. Alikuwa mwepesi wa kushika jambo kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alipopata leseni ya kubeba abiria nilijiona kama ndiye niliyeipata.

Sasa fikiria mimi, mzee wa miaka sitini na minane, naingizwa kwenye basi dogo safi, kila abiria na kiti chake, nakalishwa mbele kushoto, na dereva anawatangazia watu, "Huyu mnayemwona ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka thelathini na moja hana ajali!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu na mtoto mchanga akasema, "Leo tumepona." Nilifurahi. Nilifurahi sana, na nataka msomaji akumbuke hivyo, maana furaha ile ndiyo iliyonifunga mdomo.

Tulitoka Bweri saa mbili kasoro robo. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, jua limeinuka upande wangu. Wambura aliendesha vizuri. Nilikuwa namtazama mikono kama mzazi anavyomtazama mtoto anayesoma somo kanisani, na nilikuwa naridhika: anapunguza kabla ya tuta, anampisha mwenye punda, hana pupa ya kupita magari.

Kisha simu ikalia kengele ndogo. Ilikuwa imechomekwa mbele, karibu na kioo. Akaichukua kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na mdomo, akasema maneno mawili matatu, akairudisha. Haikupita dakika ikalia tena. Safari hii aliisoma, akacheka, akaanza kuandika kwa kidole gumba, mkono mmoja kwenye usukani, macho yanapanda na kushuka: simu, barabara, simu.

Nilinyamaza.

Hadi tunafika Makutano, pale barabara ya kwenda Sirari inapokutana na yetu, nilikuwa nimehesabu mara tisa. Nilikuwa najiambia hii ni mara ya mwisho. Nilikuwa najiambia kijana ana uzoefu, barabara imenyooka, hakuna magari mengi. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nasikia yale makofi. Nitamwaibishaje mtu aliyeniheshimu mbele za watu?

Yule mama mwenye mtoto akaniinamia sikioni. "Baba, wewe ni mwenzake. Mwambie huyu kaka aweke simu."

Mtu nisiyemfahamu ndiye aliyenisukuma. Nikakohoa. "Wambura, mwanangu, hiyo simu weka kwanza."

"Aa, mzee wangu," akacheka, "siku hizi simu ndiyo kazi yenyewe. Ninyi mlikuwaga na bahati, hamkuwa na trafiki kila kona. Hapa tunaambiana wamesimama wapi."

"Hata kama. Weka."

"Sawa, mzee. Sawa."

Akaichomeka mahali pake. Tukaenda hivyo hadi tukapita Kiabakari, na mimi nikaanza kutulia, nikatazama mashamba ya mihogo na ng'ombe waliotawanyika kwenye nyasi. Mbele yetu kulikuwa na kijana anaendesha baiskeli, gunia la mihogo limefungwa nyuma. Alikuwa pembeni kabisa, upande wangu, tairi zake karibu zinagusa changarawe. Nilimwona kutoka mbali. Barabara ilikuwa wazi.

Simu ikalia. Kwa pembe ya jicho nikaona mkono wa Wambura unakwenda.

Basi likaanza kuvutika kushoto taratibu. Mtu asiye dereva asingelitambua. Mimi nilijua, kwa mgongo kabla ya macho. Nikapiga kelele, "Wambura! Baiskeli!" Akainua kichwa, akavuta usukani kulia, na kioo cha pembeni upande wangu kikalipiga lile gunia. Nilisikia kishindo. Nikaona mihogo inaruka na baiskeli inazunguka, na yule kijana akapotea kwenye majani.

Breki zililia. Abiria walilia kuliko breki.

Nilikuwa wa kwanza kushuka, na kwa umri wangu nilikimbia. Kijana alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu, na kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Lakini alikuwa hai, anazungumza. Aliniambia anaitwa Magesa na anapeleka mihogo sokoni Bunda. Yule mama akampa mtoto wake mtu mwingine, akafungua kanga moja, akamfunga mkono vizuri shingoni. Watu wakaanza kutoka mashambani, na mmoja alikuwa na jembe mkononi.

Wambura alisimama kando ya mlango wa gari, jasho linamtoka. Alipoona watu wanaongezeka akainua sauti.

"Huyu ameyumba! Ana mzigo mkubwa, ameyumba akaingia barabarani. Mimi nimejitahidi kumkwepa."

Watu wakaguna. Kondakta wake akadakia, "Kweli kabisa, ameyumba."

Na Magesa, pale chini, akatazama baiskeli yake, akatazama watu. "Mimi nilikuwa nimewapa mgongo," akasema polepole. "Mzigo ulikuwa mzito. Labda niliyumba."

Maneno yale yalinichoma. Alikuwa hana uhakika, na alikuwa tayari kubeba kosa lisilo lake kwa sababu mwenye gari amesema kwa sauti kubwa.

Wambura akaona mlango umefunguka. Akaninyooshea mkono. "Kama hamniamini mimi, muulizeni huyu mzee. Ni dereva wa miaka thelathini na moja. Alikuwa mbele, ameona kila kitu. Mzee wangu, waambie."

Mwenye jembe alinitazama. Abiria walinitazama. Wambura naye alinitazama, na macho yake hayakuwa na vitisho. Yalikuwa ya yule kijana mwembamba wa Butiama aliyekuwa akikosea gia kisha ananigeukia kuona kama nitamkaripia.

Nikamwambia Magesa, siyo umati, "Hukuyumba, mwanangu. Ulikuwa umenyooka pembeni kabisa. Dereva alikuwa ameshika simu. Gari ndilo lililokufuata."

Magesa akafumba macho, akashusha pumzi. Sijui kama ilikuwa maumivu au nafuu.

Mwenye jembe akapiga hatua mbele. Nikasimama kati yake na Wambura. "Hakuna wa kumpiga mtu hapa," nikasema. "Majeruhi anaingia ndani ya gari sasa hivi, tunakwenda hospitali, na kutoka hapo tunakwenda polisi. Mimi mwenyewe nitaandika maelezo." Nilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. Wakanisikiliza. Vijana wawili wakapakia baiskeli juu, wengine wakaokota mihogo, tukampandisha Magesa kwenye kiti changu cha mbele, mimi nikakaa pembeni ya yule mama.

Kutoka pale hadi Bunda hakuna aliyeongea na dereva. Wambura aliendesha kwa mikono miwili, macho mbele, wala simu haikusikika tena. Aliendesha vizuri mno. Iliniuma kuona kwamba anaweza.

Nyuma yetu abiria walikuwa wamegawanyika. Mzee mwenzangu mmoja alisema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mtu unamharibiaje kijana wako mwenyewe? Mngeyamaliza palepale." Mama mwenye mtoto akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Wewe mtoto wako alikuwemo humu? Mimi wangu alikuwemo."

Saa nne na nusu tulikuwa Bunda. Abiria walishushwa stendi, sisi tukaenda kituo cha polisi kuchukua fomu ya matibabu, kisha hospitali. Kifundo cha Magesa kilikuwa kimevunjika. Kaka yake alipofika na kukaa naye, nikawaachia namba yangu ya simu, nikarudi kituoni. Kwenye varanda nikamkuta Wambura amekaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Mzee wangu," akasema bila kuinuka, "yaishe hapa. Nitamhudumia yule bwana mpaka apone. Ukiandika, leseni yangu inakwenda. Nina watoto."

"Najua una watoto."

"Basi?"

"Wambura, ulinitaka nidanganye kwa kazi yangu. Simu ni kosa, nalo nina sehemu yangu, maana nilinyamaza kutoka Bweri. Lakini kutumia ile miaka yangu kumbebesha kosa mtu aliyelala kwenye majani, hapana. Hapo siwezi."

Nikaingia ndani. Askari wa usalama barabarani aliyenipokea alikuwa dada wa makamo, mwandiko wake mzuri, haongei sana. Aliniuliza jina, kazi, nilikaa kiti gani, simu ilikuwa mkono upi, baiskeli ilikuwa umbali gani kutoka kwenye changarawe. Nilijibu kila swali kama nilivyoona. Nilipotaja mara tisa kabla ya Makutano akaacha kuandika.

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia baadaye. Nilichelewa. Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Kisha akauliza, "Huyu dereva unamfahamu?"

"Nilimfundisha mimi."

Akainua kichwa. "Mzee, watu hukimbia hapa wasiandike hata kwa dereva wasiyemjua." Akanigeuzia karatasi nisome na kutia sahihi. Nilisoma mstari kwa mstari. Nilitia sahihi kwa jina langu lote. Kisha nikampigia simu mwenye basi, ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa ndani ya gari, nikamweleza yaleyale. Alinisikiliza, akanishukuru kwa ufupi, akakata.

Nilifika Kabasa mchana, nimebeba mfuko wa furu ambao kwa bahati hakuna aliyeukalia. Tabitha alikuwa amekwisha kusikia. Bunda habari hutembea kuliko magari. Mume wake, Mgeta, alinipokea mzigo, akaniletea maji ya kunawa, lakini chakula kilipofika alishindwa kujizuia.

"Baba, umefanya la haki. Ila madereva wa njia hii wanajuana wote. Kesho nani atakupakia?"

"Nitakwenda kwa miguu."

"Mimi sitanii, Baba."

Tabitha akaweka sufuria chini. "Mgeta, mimi nimekua nikiambiwa baba yangu hajamgonga mtu. Shuleni nilikuwaga naringa kwa hilo. Leo ungetaka nimwambie huyu mtoto kwamba babu yake alimwona mwenzake amegonga akafunga mdomo?"

Mgeta akacheka, akainua mikono. "Nimeshindwa. Tule furu."

Jumamosi ilipita kwa maandalizi. Jumapili tukaenda kanisani. Mchungaji alipolitaja jina la mama yangu juu ya kile kichwa kidogo chenye maji, nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Mchana ule, watu wakiwa bado wanakula, simu yangu ikaita. Alikuwa Nyangeta, mama yake Wambura. Hakunisalimia.

"Masatu, nimesikia kwa mtu. Njoo uniambie kwa mdomo wako."

"Kesho nitakuwa kwako," nikamjibu.

Jumatatu asubuhi niliondoka Kabasa. Gari la Bunda hadi Kiabakari lilinipakia bila neno, na dereva wake, namshukuru, alikuwa na simu mfukoni. Kutoka Kiabakari nikachukua pikipiki hadi Butiama. Njia inapanda kidogokidogo kati ya mawe makubwa na migomba, na ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka majini. Siku zote nikipanda njia ile huwa moyo mwepesi. Siku hiyo ulikuwa mzito kama marobota ya pamba.

Nyangeta alikuwa uani kwake anapepeta mtama. Amezeeka, lakini mgongo wake umenyooka. Alinionyesha kiti kwa kidevu. Wambura alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba. Aliniamkia kwa sauti ya chini, nikaitikia.

"Nilikupa mtoto ukamfundishe," Nyangeta akaanza. "Nikamaliza mazishi ya baba yake, nikakupa wewe. Sasa umempeleka polisi."

"Ndiyo, mama Wambura. Nimempeleka."

"Kwa nini hukuja kwangu kwanza? Mimi na wewe tungeongea."

"Kwa sababu kulikuwa na kijana kwenye majani anasema labda aliyumba."

Akaacha kupepeta. "Anasema nini?"

Nikamweleza toka mwanzo. Sikupunguza wala kuongeza, hata makofi ya Bweri niliyataja na jinsi yalivyonipumbaza. Nilipofika pale Wambura alipowaambia watu kwamba baiskeli iliyumba, na akanitaka mimi nishuhudie, Nyangeta akageuza shingo polepole kumtazama mwanawe.

"Ulisema hivyo?"

Wambura alitazama chini.

"Nakuuliza, Wambura. Kwangu umesema mzee amekusingizia. Kule ulisema yule ameyumba?"

"Nilisema, mama."

"Na ulijua hakuyumba?"

"Sikuwa nimemwona kabisa." Akasugua uso kwa kiganja. "Niliinua kichwa, tayari tumemfikia. Niliogopa wale watu, mama. Nikasema kilichokuja."

Nyangeta aliweka ungo chini. Nilidhani atalia au atamtukana. Alikaa tu, mikono magotini, na kuku wakaja wakaanza kula mtama kwenye ungo bila mtu wa kuwafukuza. Mwishowe akasema, "Leseni ikienda, itarudi au haitarudi. Shamba lipo. Lakini yule mtoto wa watu usimwache na neno hilo. Umeshakwenda kumwona?"

"Jumamosi nilifika mpaka kwenye njia ya kwao. Nikashindwa kuingia. Nikarudi."

"Kesho tunakwenda mimi na wewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Masatu, kula ndipo uondoke. Hasira yangu haijaisha, lakini hutatoka kwangu na njaa."

Nilikula, nikalala kwao. Wambura aliniandalia maji ya kuoga. Tulipokuwa tumekaa kabla ya kulala aliniuliza kama sijawahi hata mara moja kufanya uzembe barabarani. Nikamwambia ukweli: niliwahi kusinzia nikiwa na tani saba za pamba, nikaamka nikiwa upande usio wangu, na barabara ilikuwa tupu. "Sikumgonga mtu kwa sababu mtu hakuwepo," nikamwambia. "Hilo sijawahi kumwambia yeyote. Ila kuanzia siku ile nikisikia usingizi nilikuwa naegesha, hata kama kiwandani watanifokea. Wewe umepewa nafasi hiyohiyo. Magesa yuko hai." Aliitikia kwa kichwa.

Jumanne tuliteremka pamoja hadi Kiabakari, mimi, Wambura na mama yake. Nyangeta alikuwa amebeba jogoo na mtama. Kwa akina Magesa ni mwendo mfupi kutoka pale, kuelekea Bunda. Mimi nilitakiwa kwenda upande wa pili, Musoma. Sikutaka kuwafuata. Neno lile lilikuwa la Wambura kulisema, na nikiwepo ingeonekana amesimamiwa.

Basi la Musoma lilichelewa. Nilikaa kwenye kibanda cha chai hadi saa nane. Chai ya tatu ilikuwa haijapoa simu ilipoita, namba nisiyoijua.

"Mzee, ni Magesa. Yule wa baiskeli."

"Mkono vipi, mwanangu?"

"Unauma lakini unashikika. Mzee, wamekuja. Yule dereva amesema mbele ya kaka zangu na mke wangu kwamba kosa ni lake. Halafu amesema anakwenda polisi Bunda kuandika hivyohivyo. Mama yake ameondoka naye sasa hivi."

Nikamwambia asante kwa kunijulisha. Nililipia chai, nikatoka nje, nikasimama juani. Nikiwa pale, nilimjivunia Wambura kuliko siku alipopata leseni, na Mungu ananijua.

Baadaye nilisikia kwamba alifikishwa mahakamani akakiri, na leseni yake ikafungiwa kwa muda. Mwenye basi hakumrudisha. Sasa yuko Butiama analima na mama yake, na huwa ananipigia simu baada ya ibada Jumapili. Akirudi barabarani nitapanda gari lake.

Nilichojifunza katika safari hii ya siku tano ni kidogo, lakini kimenigharimu. Nilidhani kazi yangu ya udereva iliisha siku niliyokabidhi funguo za lori. Kumbe abiria naye ana kazi, na ile yangu niliianza nimechelewa, kwa sababu nilipenda kusifiwa. Ningesema simu ilipolia mara ya kwanza, Magesa angefika sokoni na mihogo yake. Hilo nitakaa nalo. Lakini maelezo niliyotia sahihi Bunda sitayajutia, hata nikiishi miaka mingine thelathini.

Jumanne ile tulifika Bweri saa kumi jioni. Mgeta alikuwa amesema kweli: habari zilikuwa zimenitangulia. Madereva wanne walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha basi moja, na nilipopita mmoja wao akasema, siyo kwa kunong'ona, "Huyo ndiye mzee wa kuripoti."

Zamani ningepita. Nikageuka, nikaweka begi langu chini, nikawasogelea.

"Ndiye mimi," nikasema. "Naitwa Masatu, nakaa Nyasho, na nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Siku nikipanda kwako, weka simu mbali. Usipoiweka, nitakuambia. Usiponisikia, nitakuandika."

Watatu wakatazama pembeni. Wa nne, mkubwa kidogo kuliko wenzake, akatoa mkono kutoka mfukoni, akanipa. "Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikajibu, nikabeba begi langu, nikaenda nyumbani kwa miguu.